Vikombe vimejaa upande uliopunguzwa miti: je, ardhi ya huko ni bora?

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Nilifukia vikombe kumi vya kutegea wadudu ndani ya msitu mzito na vingine kumi upande wa pili, ambako miti ilipunguzwa miaka mitatu iliyopita. Baada ya wiki mbili, vikombe vya upande uliopunguzwa vilikuwa na wadudu karibu mara mbili ya vile vya msitu mzito. Je, ina maana kupunguza miti kunawafaa viumbe wa ardhini? Na hasa ni kitu gani msituni kinachoamua nani aishi pale chini?"

Hapana, vikombe vyako bado havijasema hivyo. Sina shaka ulihesabu vizuri. Shida ni kwamba kikombe kilichofukiwa hakihesabu wakazi, kinahesabu hatua. Mdudu anayetembea mita mia moja kwa usiku mmoja ana nafasi kubwa ya kudumbukia. Anayejisogeza kiganja kimoja tu chini ya jani lilelile kwa wiki nzima hana nafasi hiyo, hata kama wenzake wamejaa kila mahali. Sasa fikiria kilichotokea miti ilipopunguzwa. Jua limeingia, ardhi imepata joto, na wadudu, ambao joto la miili yao hufuata joto la mahali walipo, wamekuwa wepesi wa miguu. Majani makavu nayo yamepungua, kwa hiyo njia imekuwa nyeupe, hakuna cha kuwakwaza. Wadudu walewale, bila hata mmoja kuongezeka, wangeweza kukujazia vikombe zaidi upande huo.

Hata hivyo sidhani kwamba ni walewale. Ukimwaga vikombe vyako kwenye sinia jeupe na kuwapanga kwa makundi, natarajia utakuta upande wa wazi una sisimizi wengi, mbawakawa wakimbiaji wengi, na buibui wale wanaowinda kwa kukimbiza badala ya kutega utando. Upande wa msitu mzito utakuta jongoo, tandu, konokono wadogo, na isopodi, yaani wale wadudu wa kijivu wenye miguu kumi na minne ambao hujikusanya chini ya magogo na wengine hujiviringisha kama punje ukiwagusa. Huo mgawanyiko ndio jibu la swali lako la pili, na kiini chake ni maji.

Mchukue isopodi mmoja, mgeuze chali kwenye kiganja na umtazame kwa lenzi. Karibu na mkia utaona vibamba vidogo vilivyopangana, vyeupe na vyenye unyevu. Hapo ndipo anapopumulia. Wazee wake walitoka baharini, ndugu zake ni kaa na kamba, na mpaka leo anahitaji vibamba hivyo viwe na unyevu ili hewa ipite. Vikikauka, anakosa pumzi. Tandu ana shida inayofanana na hiyo: matundu yake ya kupumulia mengi hayafungi, kwa hiyo kila anapokuwa kwenye hewa kavu maji yanamtoka. Konokono hutumia maji kila anaposogea, kwa sababu njia yake yote huiwekea ute. Mbawakawa kwa upande wake amevaa koti la nta, na matundu yake ya hewa anayafunga na kuyafungua apendavyo. Ndiyo maana jua linapoingia msituni, mbawakawa na sisimizi wanasonga mbele, na wale wengine wanarudi nyuma.

Udogo wa mwili nao unazidisha shida. Kadiri kiumbe anavyokuwa mdogo, ndivyo ngozi yake inavyokuwa kubwa ukilinganisha na maji aliyobeba ndani. Kiumbe wa milimita moja akitoka juani ni kama tone la maji juu ya sufuria ya moto. Udongo ulio wazi mchana wa jua kali unaweza kupita nyuzi joto 45, ilhali chini ya majani ya msitu uliofunga, hatua chache tu kutoka hapo, joto liko chini kwa nyuzi nyingi na hewa imeshiba unyevu. Kwa mtu hiyo ni tofauti ya jua na kivuli. Kwa kolembola, vijidudu visivyo na mabawa ambavyo vingi hupumua kwa ngozi, ni tofauti ya kuishi na kufa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kitu cha kwanza cha kupima msituni ni kipi, humwambia aanze kwa kutazama juu: dari la matawi limefunga kiasi gani? Kisha apige magoti, atie mkono chini ya majani na kuhisi ubaridi wake.

Na hayo majani ndiyo nyumba yenyewe. Natamani ungefanya jambo moja kabla ya kurudi kwenye vikombe: chagua mahali ndani ya msitu mzito, ukae chini, na uyafunue majani taratibu, jani moja moja, kama anayefungua kurasa za kitabu kilicholowa. Juu kabisa yako majani mazima, makavu, yaliyojikunja. Chini yake yapo yaliyolainika na kugandamana, yameshonwa na nyuzi nyeupe za kuvu, na mengine yametobolewa mpaka imebaki mishipa tu kama wavu. Chini zaidi huoni tena umbo la jani, ni mboji nyeusi inayonukia mvua. Kila ghorofa lina wapangaji wake. Kolembola wa juu wana rangi, macho, miguu mirefu, na ule mkia uliokunjwa chini ya tumbo unaofyatuka kuwarusha hatari inapokuja. Teremka kwenye mboji utakuta ndugu zao weupe, hawana macho, miguu mifupi, na wengi hata mkia wa kurukia hawana, kwani utaruka wapi ndani ya ufa wa udongo? Mita moja ya mraba ya sakafu ya msitu inaweza kuwa na kolembola makumi ya maelfu. Na hao ndio vikombe vyako vilivyowaona kidogo sana.

Unene wa tabaka hilo unaamua mengi. Tabaka nene ni vyumba vingi, chakula kingi, na bomba la unyevu wakati wa kiangazi, maana juu kunapokauka wakazi hushuka, na mvua inaponyesha hupanda. Buibui wadogo hupata pembe za kutandia. Kwa mbawakawa mkubwa mkimbiaji tabaka hilo ni usumbufu, kama mtu anayejaribu kukimbia kwenye vichaka. Miti ikipunguzwa, majani yanayoanguka ni machache, na yaliyopo yanakauka juu na kupeperushwa. Nyumba inabaki ghorofa moja.

Lakini wingi wa majani si kila kitu, kuna na aina yake. Hapa watu wengi wanaohesabu wadudu hawaangalii, na mimi naona ndipo utamu wa jambo ulipo. Majani ya mti mmoja ni laini, yana nitrojeni na kalisi (kalsiamu) ya kutosha, yanaliwa na kumalizika katika msimu. Ya mti mwingine ni magumu, yamejaa lignini na tanini, kemikali zinazofanya jani lisiliwe wala kuoza upesi, yanakaa miaka bila kuguswa. Jongoo, isopodi na konokono wanahitaji kalisi kwa ajili ya maganda yao, na nyungunyungu wengi hawapendi udongo wenye asidi kali. Huko Poland kuna shamba la majaribio ambako spishi 14 za miti zilipandwa kila moja kwenye kiwanja chake, mahali pamoja, ili tofauti itakayoonekana iwe imeletwa na mti. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba miti yenye majani yenye kalisi nyingi ilikuwa na nyungunyungu wengi zaidi chini yake, na asidi ya udongo wake ilikuwa imepungua. Yaani mti ulikuwa umeigeuza ardhi kwa kuidondoshea majani tu.

Bwana misitu wa Denmark, Peter Erasmus Müller, alikuwa ameliona jambo hili tangu 1879. Alieleza kwamba kuna sakafu za misitu ambazo majani huchanganywa na udongo haraka, kazi kubwa ikifanywa na nyungunyungu, na kuna nyingine ambazo majani hurundikana juu kama zulia linaloinuka bila kuchanganyika. Usidhani kwamba zile za pili zimekufa. Katika misitu ya misonobari yenye asidi nyingi, nyungunyungu ni wachache mno, lakini utitiri wa udongo wamejaa kupita kiasi, laki kadhaa katika mita moja ya mraba, wakijilisha kuvu na majani yanayooza. Mtu atakayehesabu nyungunyungu atasema msitu huu ni maskini. Atakayehesabu utitiri atasema ni tajiri. Wote wawili wamehesabu sawasawa.

Kukosekana kwa kalisi kunaweza kupanda hadi juu mitini. Uholanzi, miaka ya tisini mwanzoni, watafiti walikuta ndege wadogo wa misitu yenye udongo maskini wakitaga mayai yenye maganda membamba, mengine yakikauka au kupasuka. Chanzo kilikuwa chini: udongo ulikuwa umeongezeka asidi kutokana na uchafuzi wa hewa, kalisi ilipungua, konokono wakapotea, na konokono ndio waliokuwa wakiwapa ndege hao kalisi ya kutengenezea maganda. Hadithi hii naipenda kwa sababu inafuata njia nzima, kutoka kwenye hewa hadi udongo, hadi konokono, hadi yai.

Viumbe wenyewe nao huibadili nyumba ya wenzao. Kaskazini mwa Amerika kuna misitu iliyofunikwa na barafu zama za barafu, na baada ya barafu kuyeyuka ilikaa kwa zaidi ya miaka elfu kumi bila nyungunyungu wa asili. Wahamiaji kutoka Ulaya walipofika walikuja nao, kwenye udongo wa mimea na kwa njia nyingine, na baadaye wavuvi wakawasambaza kwa kumwaga mabaki ya chambo. Nyungunyungu hao walilila lile zulia la majani mpaka udongo ukabaki wazi, na viumbe wengi wadogo waliokuwa wakiishi ndani ya majani wakapungua. Mtu wa shambani akisikia nyungunyungu wameongezeka hufurahi. Kwa msitu ule ilikuwa kama kung'olewa paa.

Nirudi kwa maji, maana kuna kitu ambacho pengine hukukiandika kwenye daftari lako: magogo. Waliopunguza miti waliacha mabaki chini au walibeba kila kitu? Gogo lililooza ni kama sifongo. Kiangazi kinapokausha majani, geuza gogo lililolala miaka mingi na utaona wakimbizi: tandu akitoweka kwenye ufa kabla hujamwona vizuri, jongoo wamejikunja kama senti, mayai ya konokono yanayong'aa kama lulu ndogo, na upande wa chini wa mti umelowa kana kwamba mvua ilinyesha jana. Mbali na kuwa kimbilio, mbao zilizokufa ni makao ya kudumu ya viumbe ambao hawana kwao kwingine. Ufini wamekadiria kwamba kati ya asilimia 20 na 25 ya spishi zote za misituni zinategemea mbao zilizokufa. Na gogo hupita hatua: walioingia gome likiwa bado limeshika si wale watakaokuja mbao zikiwa laini za kuvunjika kwa vidole. Msitu wenye magogo ya umri mmoja tu una sehemu ndogo ya wageni hao.

Kwenye misitu ya joto kuna mchwa, na kazi yao kwenye maji ni ya ajabu. Huko Sabah, Malaysia, katika kisiwa cha Borneo, watafiti walikuwa na viwanja ambavyo mchwa walipunguzwa na vingine ambavyo waliachwa, na bahati ikawa ukame mkubwa wa El Niño wa 2015 na 2016 ukapita katikati ya kazi yao. Wakati wa ukame mchwa waliongezeka zaidi ya mara mbili katika viwanja walivyoachwa. Humo humo udongo ulikuwa na unyevu zaidi, majani yalioza haraka zaidi, na miche ilisalimika zaidi kuliko kwenye viwanja vyenye mchwa wachache. Wale wadudu hupandisha unyevu kutoka chini na kujenga vifuniko vya udongo juu ya chakula chao, na msitu mzima ukafaidika. Huo ulikuwa msitu wa zamani usiovurugwa. Mchwa wengi wa misituni wana miili laini isiyostahimili jua, kwa hiyo usitegemee msaada huo mahali palipofunguliwa sana.

Umesema upande wa pili ulipunguzwa miaka mitatu iliyopita. Miaka mitatu ni muda mfupi, na ni muda wa udanganyifu. Katika kipindi hicho wageni wa maeneo ya wazi wameshafika, wengi wao wana mabawa, na wazee wa msitu bado hawajaisha wote. Ukihesabu spishi zote unapata nyingi kuliko msitu mzito, kama nyumba ambayo wapangaji wapya wamehamia kabla wa zamani hawajamaliza kutoa vyombo. Baadaye wa zamani wanakwisha, na kurudi kwao si rahisi. Spishi nyingi za mbawakawa wa misitu ya kale hawana mabawa ya kurukia, wanakwenda kwa miguu tu. Ujerumani walifuatilia mbawakawa wa namna hiyo waliotiwa alama na kuona kwamba hata barabara ya kawaida ilikuwa ukuta kwao, wachache sana walivuka. Alberta, Kanada, utafiti wa 1993 ulilinganisha misitu iliyokatwa yote miaka tofauti, na hata mahali palipokuwa na miaka 27 tangu ukataji, mbawakawa waliozoea msitu mkongwe walikuwa bado hawajarudi kama mwanzo. Kwako miti ilipunguzwa tu, haikukatwa yote, na hiyo ni tofauti kubwa. Kivuli kikibaki cha kutosha, wengi wanaweza kuvumilia.

Ukingo nao usiusahau. Ikiwa vikombe vyako vya msitu mzito viko hatua chache tu kutoka mpaka na upande uliopunguzwa, basi upepo mkavu na jua la pembeni vinafika hadi hapo, kwa makumi ya mita. Karibu na Manaus, Brazili, ambako mradi wa kufuatilia vipande vya msitu ulianza mwaka 1979, mbawakawa wa mavi walipungua kwa aina kwenye vipande vidogo vilivyozungukwa na malisho, na mavi yalichelewa kuoza. Miti ilikuwa imesimama, lakini kazi ya chini ilikuwa imelegea.

Sasa turudi shambani. Vikombe vyako kumi vya kila upande, kama vyote viko mahali pamoja, ni sampuli moja iliyorudiwa mara kumi. Vitawanye, na kama unaweza tafuta msitu mwingine uliopunguzwa na mwingine usioguswa ufanye vilevile. Ukingo wa kikombe uwe sawasawa na udongo, kwa sababu ukiinuka hata milimita chache wadogo watauzunguka. Baada ya kufukia, funika vikombe wiki nzima kabla ya kuvifungua. Udongo uliochimbwa karibuni huwavuta baadhi ya viumbe, na siku za kwanza hutoa hesabu ya uongo. Weka kijipaa juu yake mvua isivifurishe.

Kisha ongeza njia ya pili, ile inayohesabu wakazi. Chota majani na mboji yote ndani ya fremu ya sentimita 25 kwa 25, chekecha, na uyaweke kwenye wavu juu ya faneli, chini kukiwa na chupa ya spiriti. Washa balbu juu kwa siku kadhaa. Joto na ukavu vinashuka polepole, na viumbe wanakimbia kushuka mpaka wanadondoka chupani. Antonio Berlese alibuni faneli ya namna hii Italia mwaka 1905, na Albert Tullgren wa Uswidi akaiongezea balbu mwaka 1918. Ukweli ni kwamba chombo chote kinafanya kazi kwa sababu ile ile niliyokueleza: viumbe hawa wanakimbia ukavu. Pale pale ulipochota, andika unene wa majani kwa sentimita, joto chini ya majani saa sita mchana, aina ya mti ulio juu, pH ya udongo (kipimo cha asidi yake), na idadi ya magogo yenye unene wa mkono au zaidi ndani ya hatua kumi.

Ukishapata chupa zako, usianze na jumla. Anza na wale kolembola weupe wasio na macho, halafu isopodi, jongoo na konokono. Kama upande uliopunguzwa bado unao kwa wingi unaokaribiana na msitu mzito, niandikie tena, maana basi waliopunguza miti walifanya kazi yao kwa uangalifu na ningependa kujua waliacha kivuli kiasi gani. Kama wamepungua huku vikombe vikiendelea kujaa sisimizi na wakimbiaji, utajua kwamba kilichoongezeka upande ule ni mwendo, na waliokuwa wakazi wa chini wamekaukiwa.